Siri Waliyoifuata Roma

Giorgio Vasari, mchoraji wa Toscana aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia katika kitabu kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1550, anasimulia kisa cha kijana wa Messina aitwaye Antonello. Kijana huyo, asema Vasari, aliiona Napoli picha ya Jan van Eyck iliyochorwa kwa rangi za mafuta, akastaajabia mng'ao wake, akaziacha shughuli zake zote na kufunga safari hadi Flandria. Huko alijipendekeza kwa mzee Van Eyck, akampa michoro ya mtindo wa Kiitalia kuwa zawadi, mpaka mzee akamfunulia siri ya mafuta. Antonello akarudi nayo kwao na kuifikisha Venezia. Kisa ni kitamu, na wachoraji wa Ulaya walikiamini kwa muda wa karne mbili na zaidi. Taabu yake ni kwamba hakisimami. Van Eyck alifariki mwaka 1441, wakati Antonello alikuwa bado mtoto. Wanahistoria wengi leo wanaona kwamba alijifunza Napoli kwenyewe, katika karakana ya mchoraji Colantonio, kwa kuwa mfalme wa huko, Alfonso, alikuwa mpenzi mkubwa wa picha za Kiflandria na alizikusanya. Wala Van Eyck hakuvumbua rangi za mafuta: mtawa aliyejiita Theophilus alikwisha kuzieleza katika karne ya 12, jambo ambalo mwandishi Lessing alilitangaza kwa wasomaji wa Kijerumani mwaka 1774. Vasari huyohuyo anatusimulia pia jinsi Andrea del Castagno alivyomwua Domenico Veneziano kwa wivu baada ya kumchota siri hiyo ya mafuta. Kumbe Castagno alikufa mwaka 1457, na huyo anayedaiwa kuuawa akaishi hadi 1461.

Nimeanza na uzushi huu kwa sababu ndio uliolea imani ambayo baadaye wafalme waliigharimia kwa dhahabu: kwamba ufundi wa wachoraji mabingwa wa kale ni siri iliyokaa mahali fulani, na anayeitaka hana budi aende akaishi huko. Hoja yangu ni kwamba imani hiyo iliwaelekeza watu siko. Ufundi wa rangi ulikaa mikononi mwa watu, ndani ya karakana, na ukahama pamoja nao walipohama. Msafiri aliyefika mahali ambapo mikono hiyo ilikuwa bado kazini alivuna. Aliyefika baada ya mikono kutoweka alijifunza mambo mengine, baadhi yake ya thamani kubwa, lakini si lile lililomtoa kwao.

Tuna bahati kwamba fundi mmoja aliandika jinsi kazi ilivyofundishwa. Cennino Cennini, aliyekaa miaka 12 kwa bwana wake Agnolo Gaddi, alitunga mwongozo wa uchoraji karibu na mwaka 1400. Ratiba anayompangia mwanagenzi inatisha: mwaka mmoja wa kuchora kwenye kibao kidogo, miaka sita ya kusaga rangi, kuchemsha gundi, kupaka jasi kwenye mbao na kubandika dhahabu, kisha miaka sita mingine ya kupaka rangi yenyewe na kufanya kazi ukutani. Na ndani ya mwongozo huo mna mambo ambayo jicho kali kuliko yote haliwezi kuyasoma kwenye picha iliyokwisha kukauka. Kwa uso wa kijana, anashauri, chukua kiini cha yai la kuku wa mjini, kwa kuwa kimepauka. Yai la kuku wa shamba, lenye kiini chekundu, liwekee nyuso za wazee na za watu wenye ngozi nyeusi zaidi. Nyekundu ya zingifuri isagwe, na hata ukiisaga kila siku kwa miaka 20 itazidi tu kuwa bora. Buluu ya thamani kuliko zote ilitoka katika jiwe la lapis lazuli lililoletwa kutoka Afghanistan: unga wake unakandwa pamoja na utomvu wa msonobari, mastiki na nta, donge linaachwa siku kadhaa, kisha linakandwa tena kwa vijiti viwili ndani ya maji ya majivu mpaka buluu ianze kujitoa. Inayotoka kwanza ndiyo ya kuuzwa ghali. Ya mwisho ina rangi ya jivu. Kutaka kuyajua haya kwa kuitazama picha ni kama kutaka kujua pilau ilivyopikwa kwa kuitazama ikiwa sinia­ni: rangi utaiona, lakini hutajua kitunguu kilikaangwa mpaka wapi.

Mfumo huo ulidhoofika polepole, na kudhoofika kwake ndiko kulikozaa safari za masomo tunazozijua. Mwaka 1666, Colbert, waziri wa Louis wa 14, alianzisha Akademia ya Ufaransa mjini Roma chini ya mkurugenzi Charles Errard. Wafadhiliwa wa mwanzo walikuwa 12: wachoraji sita, wachongaji wanne na wasanifu majengo wawili. Mashindano ya kuwapata, Prix de Rome, yaliendelea mpaka mwaka 1968, na makao yao tangu 1803 ni jumba la Villa Medici, juu ya kilima kinachotazama mji. Colbert hakuficha alichokitaka: kila kizuri kilichoko Italia kiwepo na Ufaransa, na kisichoweza kubebwa kinakiliwe. Kwa hiyo vijana walinakili. Walinakili sanamu za kale, walinakili kuta za Raphael ndani ya Vatican, na kazi zao zikasafirishwa kwenda Paris. Huo ulikuwa uhamishaji wa mali kwanza, elimu baadaye. Tazama pia kilichopimwa katika mashindano yenyewe: mshindani alifungiwa chumbani wiki kadhaa na kutakiwa atunge tukio la Biblia au la historia ya kale, lenye miili iliyochorwa sawasawa na ishara zinazosomeka. Kusaga rangi hakukuwa mtihani. Jacques-Louis David, aliyeshinda mwaka 1774 baada ya kushindwa mara kadhaa, alijaza Roma majalada kwa majalada ya michoro ya sanamu na majengo. Aliporudi tena huko kuchora Kiapo cha akina Horatius mwaka 1784, macho yake yalikuwa yamebadilika kabisa, na uchoraji wa Ulaya ukabadilika naye. Lakini mabadiliko hayo ni ya mstari, ya mpangilio na ya fikra. Hakuna karakana ya Kirumi iliyomfundisha David namna ya kutayarisha turubai kama Titian wa Venezia.

Na walichokuwa wakikitazama kilikuwa nini hasa? Hili halijapewa uzito unaostahili. Michelangelo alichora dari ya Kanisa la Sistina kati ya 1508 na 1512, na Hukumu ya Mwisho kati ya 1536 na 1541. Kwa karne nne masizi ya mishumaa yalipanda, na watunzaji wakaipaka gundi ili rangi zilizofifia zing'ae. Gundi nayo ikawa nyeusi. Vizazi vya wafadhiliwa wa Villa Medici vilisimama chini ya dari hiyo vikajifunza kwamba bingwa mkuu wa Firenze alipenda hudhurungi na kijivu. Mwaka 1833 Xavier Sigalon alipewa kazi na serikali ya Ufaransa ya kunakili Hukumu ya Mwisho kwenye turubai. Nakala hiyo kubwa ipo mpaka leo katika kanisa la Shule ya Sanaa mjini Paris, na Sigalon mwenyewe alikufa kwa kipindupindu mjini Roma mwaka 1837. Alifanya kazi kwa uaminifu mkubwa, lakini alikuwa akinakili mchoro wa lipu mbichi juu ya kitambaa, na akinakili masizi pamoja nao. Usafishaji uliofanywa kati ya 1980 na 1994 ulipofichua kijani kibichi, waridi na rangi ya chungwa, wengi walishtuka. Kule Uingereza imani hiyohiyo ilikwisha kuchekwa zamani. Sir George Beaumont, mkusanyaji wa picha na mlezi wa wasanii, alipendekeza mandhari ichukue rangi ya fidla ya zamani. Mchoraji Constable akaichukua fidla na kuilaza juu ya majani mabichi mbele ya nyumba.

Kuna ushahidi mkali zaidi, nao uko ndani ya rangi yenyewe. Tangu karibu mwaka 1300 mpaka karibu 1750 wachoraji wa Ulaya walitumia njano iliyotengenezwa kwa kuchoma risasi pamoja na bati. Titian aliitumia, Rembrandt aliitumia, Vermeer aliitumia. Kisha ikaachwa, na ikaachwa kabisa hata watu wakasahau kwamba iliwahi kuwapo. Mwaka 1941 ndipo mkemia Richard Jacobi wa Munich alipoikuta tena katika vipimo vya picha za kale. Fikiria maana yake. Katika karne yote ya 19 maelfu ya wanafunzi waliweka fremu zao Louvre, Prado na Uffizi, wakainakili njano hiyo kwa macho yaliyofunzwa vizuri kuliko ya wengi wetu, na hakuna hata mmoja aliyetambua kwamba ana mbele yake kitu ambacho hakiuzwi tena dukani. Walichanganya njano za zama zao mpaka zikafanana, wakaenda zao. Tangu 1841, John Goffe Rand alipovumbua mrija wa bati wa kuwekea rangi, mchoraji hakulazimika hata kujua unga wa rangi unashikaje mkononi.

Pengo hili kati ya kuona na kujua lilikuwa soko zuri kwa matapeli. Joshua Reynolds, aliyeishi Italia tangu 1750 hadi 1752 na baadaye akawa rais wa kwanza wa Royal Academy ya London, alirudi na kiu ya rangi za Venezia isiyokatika. Inasimuliwa kwamba alikwangua picha za kale ili aone tabaka zake. Akajaribu nta, mayai, lami na vanishi, mara nyingine vyote ndani ya picha moja. Nyekundu zake nyingi zikafifia yeye akiwa hai, na waliochorwa wakabaki na nyuso zilizopauka kama wagonjwa. Miaka michache baada ya kifo chake, kati ya 1795 na 1797, msichana Ann Jemima Provis na baba yake Thomas walijitokeza London na madai ya kuwa na siri ya Venezia, iliyonakiliwa kutoka hati ya zamani ambayo, kwa bahati iliyoje, ilikuwa imeteketea kwa moto. Wanachama kadhaa wa Royal Academy walilipa gini 10 kila mmoja na kuapishwa wasiseme. Benjamin West, rais wao wakati huo, mtu aliyewahi kuishi Italia miaka mitatu, alichora kwa siri hiyo picha ya Cicero akiligundua kaburi la Archimedes. Miongoni mwa viungo vya siri hiyo ilikuwamo buluu ya Prussia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Titian alikufa mwaka 1576. Gillray aliwachora wakubwa hao katika katuni mwaka 1797, na kweli walistahili kuchekwa, ila mimi naona cheko hilo linatuficha jambo la maana: rais aliyedanganywa alikuwa mtu aliyekaa Italia na kunakili. Kama kukaa huko kungekuwa kumempa ufundi, asingeiamini karatasi ya Provis.

Mtu atasema: na Rubens je? Alikaa Italia miaka minane, 1600 hadi 1608, akimtumikia mtawala wa Mantua, na baadaye, Madrid mwaka 1628 na 1629, akazinakili picha za Titian moja baada ya nyingine, akiwa tayari ana umri wa miaka 50 na zaidi. Nakala yake ya Adamu na Hawa iko Prado pamoja na ya Titian, na hakuna mwenye macho atakayesema hakujifunza kitu. Velázquez, aliyekuwapo Madrid wakati huo, alifunga safari ya Italia mwaka 1629, na brashi yake ilirudi nyepesi zaidi. Pingamizi hili ni zito, na jibu lake liko katika tarehe. Rubens alipokelewa kuwa fundi kamili katika chama cha wachoraji wa Antwerp mwaka 1598, miaka miwili kabla ya safari. Velázquez alipasi mtihani wa chama cha Sevilla mwaka 1617. Walikwenda wakiwa wameshakula chumvi ya karakana. Rubens alipomtazama Titian alitazama kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake: alijua kipi kimepakwa kabla ya kipi, kwa sababu yeye mwenyewe alipaka hivyo tangu utotoni. Na hakuiga mapishi ya Titian. Aliendelea kutayarisha mbao na turubai zake kwa desturi ya kwao, akamtafsiri Mvenezia kwa mkono wa Antwerp. Mfadhiliwa wa mwaka 1830, aliyenunua rangi dukani na kufundishwa kuchora sanamu za plasta, hakuwa na lugha ya kusomea alichokitazama.

Rembrandt anaitia hoja hii nguvu kutoka upande wa pili. Karibu mwaka 1630 Constantijn Huygens, karani wa mtawala wa Uholanzi, aliwalaumu Rembrandt na mwenzake Jan Lievens kwa kutokwenda Italia. Wakamjibu kwamba hawana nafasi, na kwamba picha nzuri za Kiitalia zinaonekana kwao Uholanzi bila taabu ya safari. Huygens aliona ni uvivu. Lakini Rembrandt alikuwa amekaa miezi kadhaa Amsterdam kwa Pieter Lastman, aliyekuwa ameishi Italia, na katika mji wa Utrecht walikuwapo Ter Brugghen na Honthorst, waliorudi kutoka Roma na mwanga na giza la Caravaggio. Safari ilikuwa imekwisha kufanywa kwa niaba yake. Ujuzi ulipokuwa hai, haukuhitaji kila mtu aufuate. Ulirudi nyumbani kwa miguu ya mtu mmoja na kufundishwa kwa kumi.

Wajerumani walioitwa Wanazareti wanatuonyesha jambo hilohilo katika zama ambazo ujuzi ulikuwa unakaribia kuzimika. Friedrich Overbeck na wenzake walihamia Roma mwaka 1810, wakaishi katika nyumba ya watawa ya Sant'Isidoro, wakafuga nywele na kujinyima, wakitaka kuwa kama wachoraji wa kabla ya Raphael. Huko kulikuwa kukaa ugenini kwa kujizamisha kabisa, na kwa miaka kadhaa walichokizaa kwa upande wa ufundi ni mapenzi tu. Konsuli mkuu wa Prussia, Bartholdy, alipowapa chumba cha kuchora ukutani mwaka 1816, hawakujua fresko inafanywaje: lipu ichanganywe vipi, ipakwe sehemu kubwa kiasi gani kwa siku, rangi iwekwe ikiwa mbichi mpaka lini. Inaelezwa kwamba aliyewaokoa ni mwashi mzee aliyewahi kumtayarishia kuta Anton Raphael Mengs, aliyekufa mwaka 1779. Kuta hizo zimehifadhiwa Berlin. Sifa za fresko mpya zilikwenda kwa vijana wenye nywele ndefu, si kwa mwashi, lakini bila yeye pasingekuwa na kitu cha kusifiwa.

Waingereza walijaribu njia nyingine: kufuata maandishi. Bunge la London lilipoungua mwaka 1834 na kujengwa upya, tume iliamua kuta zipambwe kwa fresko. Mchoraji William Dyce alikwenda Italia kuchunguza, na mwaka 1845 serikali ikamtuma Mary Merrifield, ambaye alikwisha kumtafsiri Cennini, akusanye hati za mapishi ya rangi katika maktaba za kaskazini mwa Italia. Juzuu zake mbili za mwaka 1849 bado zinasomwa. Fresko zenyewe ziliharibika: katika ukumbi mmoja wa juu rangi zilianza kubanduka ndani ya miaka michache, kwa unyevu na moshi wa London. Katika miaka hiyo wengine waliamini kwamba siri ya Van Eyck ilikuwa utomvu mgumu, wakachanganya kopali katika mafuta yao. Miongoni mwa kopali zilizosifiwa sana na watengenezaji wa vanishi ni sandarusi iliyochimbwa Mrima na kupakiwa Zanzibar, bidhaa ambayo Van Eyck hangeijua hata kwa jina. Maabara ya National Gallery ilipopima rangi zake karne moja na nusu baadaye, ilichokikuta kwa sehemu kubwa ni mafuta ya kitani.

Pingamizi la mwisho ni kwamba maabara haichori, na kitabu hakishiki brashi. Kweli. Christiana Herringham alilijua hilo: alimtafsiri Cennini upya mwaka 1899 na kuyajaribu maagizo yake moja moja kwa mikono yake, mayai na jasi, na kutoka hapo kukatokea chama cha wachoraji wa rangi za yai mwaka 1901. Wala sitaki kuyafanya makumbusho yawe bure. Mchoraji Sargent alipokwenda Haarlem mwaka 1880 kumnakili Frans Hals alipata kitu ambacho chapa haikuweza kumpa, yaani ukubwa wa picha, kasi ya mkono, na mahali ambapo rangi iliachwa bila kuguswa tena. Hata wanaosafisha hukosea, na mwanahistoria wa sanaa James Beck alidai mpaka kifo chake kwamba Sistina walifuta kivuli cha Michelangelo mwenyewe pamoja na masizi. Lakini Prix de Rome ilikuwa cheo kabla ya kuwa darasa. Wanawake hawakuruhusiwa kushindana mpaka mwaka 1903, na mchoraji wa kwanza mwanamke kushinda, Odette Pauvert, alipatikana 1925. Taasisi inayolinda ufundi haiufungi hivyo kwa nusu ya watu wenye mikono.

Leo Villa Medici inapokea waandishi, watunzi wa muziki na wasanii wa kila namna, na haimlazimishi mtu kunakili chochote. Anayetaka kujifunza Roma jinsi Titian alivyoweka tabaka zake, au lipu ya Michelangelo ilikandwaje, atakwenda kwa warekebishaji, katika taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1939 chini ya Cesare Brandi. Wanafunzi wake huchanganya lipu, hupima vanishi, na hujaza mapengo ya rangi kwa mistari myembamba ya wima inayoonekana ukisogea na kuungana ukirudi nyuma. Mwalimu husimama begani kwao, na miaka yao ya mwanzo, kama ya mwanagenzi wa Cennini, hakuna anayeitegemea kutoa picha.